Ukienda Lisbon, Belém usiipange Jumatatu

Nianze na kosa langu. Nilikuwa na siku tatu tu Lisbon, mimi na mke wangu, na Jumatatu asubuhi tukapanda treni pale Cais do Sodré hadi Belém, mtaa wa kando ya mto, kuliona kaburi la Vasco da Gama. Tukakuta lango limefungwa. Monasteri ya Jerónimos, lilimo kaburi hilo, hufungwa Jumatatu, na Mnara wa Belém vivyo hivyo. Mke wangu akaniuliza, "Baba, kwani hukuangalia?" Sikuangalia.

Tukarudi Jumatano mapema, kabla foleni haijakolea. Nakushauri ufanye hivyo hivyo, hasa ukiwa mtu wa pwani. Mimi nimekua nikipita Fort Jesus kila siku, ngome waliyoianza Wareno mwaka 1593, lakini walikotokea nilikuwa sijakuona. Da Gama aling'oa nanga Belém Julai 1497. Aprili 1498 alikuwa Mombasa, mambo yakamwendea kombo, akasogea Malindi, akapewa rubani wa kumvusha hadi Uhindi. Fedha za kuijenga monasteri hiyo kwa sehemu kubwa zilitokana na kodi ya biashara iliyofuata, ya viungo na mali za Afrika na Mashariki. Zitazame nguzo kwa karibu: mawe yamechongwa yakawa kamba zilizosokotwa, utadhani fundi alikulia jahazini. Da Gama mwenyewe amechongwa amelala chali, viganja vimekutana kifuani kama anaomba dua. Alifia Cochin mwaka 1524, na mifupa yake ikaletwa hapo mwaka 1880. Nilisimama nikimtazama hadi mke wangu akanivuta mkono.

Ukitembea mjini soma vibao. Bandeira, mesa, lenço: bendera, meza, leso. Kanisa ni igreja, na wengi husema neno letu gereza limetoka hapo. Sasa waza mwenyewe babu zetu waliona nini ndani ya ngome ile hata kanisa likageuka jela.

Mgahawani, angalia hili. Ukikaa tu, unaletewa mkate, zeituni na jibini ambavyo hukuagiza. Kwetu mgeni akiwekewa kitu mezani haulizi bei, basi tukala, tukashukuru, na vyote tukavikuta kwenye bili. Si wizi, ndiyo desturi yao: usichokigusa hulipi. Sema mapema não, obrigado, yaani hapana, asante (mwanamke husema obrigada), virudishwe, na wala usione haya. Bacalhau, samaki wao wa chumvi, ionje. Ukiiona imepangwa dukani, kavu na chumvi imeganda juu, utasema ni ng'onda.

Kila mtu atakwambia upande tramu namba 28. Ni nzuri kweli, ya mbao, inakwaruza kuta za Alfama, mtaa wa kale. Lakini saa sita mchana watu hubanana humo kama daladala, na wachomozi wanalijua hilo kuliko wewe. Panda asubuhi na mapema kutoka uwanja wa Martim Moniz, mkoba uuweke kifuani. Au uiache kabisa, utembee kwa miguu. Alfama jina lake ni la Kiarabu, na sehemu yake kubwa ilinusurika katika tetemeko la Novemba 1, 1755, wakati mji wa chini, Baixa, ulipobomoka, ukaungua na kupigwa na mawimbi. Ndiyo maana Baixa leo ina mitaa iliyonyooka kama rula, na Alfama bado ina vichochoro, ngazi, na nguo zimeanikwa madirishani. Mtu wa Lamu hatapotea.

Viatu vyenye soli ya kuteleza viache nyumbani. Njia zao zimesakafiwa vijiwe vya chokaa vilivyong'arishwa na nyayo za watu, na mji wote ni vilima. Kulinyunya kidogo tu, nikaanguka mbele ya bibi mmoja aliyebeba kikapu cha mboga. Akaninyanyua yeye.

Kwa chakula cha halali, tafuta Rua do Benformoso, hapo hapo Martim Moniz. Wabangladeshi ni wengi, na biriani ipo. Ya Mombasa si hiyo, ila sisi tulirudi mara mbili.