Siku ya tisa baada ya kupasuliwa mtoto wa jicho, na ukungu bado uko

SWALI: Asalaam alaikum daktari. Mamangu ana miaka 69, ana sukari, na twakaa Likoni. Leo ni siku ya tisa tangu apasuliwe mtoto wa jicho la kulia. Alikuwa amekomaa, mboni nzima nyeupe. Bandeji ilipotolewa aliona watu na mwangaza, lakini kwa ukungu. Asubuhi huona vibaya zaidi, jioni afadhali. Kusoma hawezi, na asema kanzu ya babangu imegeuka buluu. Jirani yetu alipasuliwa, na siku ya pili alikuwa ashasoma msahafu. Je, mama amewekewa lenzi isiyo yake? Na aweza kutia udhu na kusujudu? – Msomaji, Likoni

JIBU: Wa alaikum salaam. Katika yote uliyoandika, neno lililonipa moyo ni "jioni afadhali". Ukungu unaozidi asubuhi na kupungua mchana ukisonga kwa kawaida watoka kwenye konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Kwa ndani konea imetandikwa seli ambazo kazi yake ni kusukuma maji nje ili kioo kibaki angavu. Mtoto wa jicho aliyekomaa huwa mgumu, na kumtoa huzisumbua seli hizo. Zikichoka, maji hubaki ndani na konea huvimba. Usiku macho yamefumbwa, maji hayana njia ya kukauka, ndiyo maana mama akiamka huona kama atazamaye kupitia glasi iliyotoka kwenye friji. Akikaa macho saa kadhaa, hewa hukausha na kioo hutakata. Uvimbe wa namna hii huisha katika siku kadhaa hadi wiki mbili tatu. Jirani yenu huenda alitolewa mtoto mlaini bado, kwa hivyo msilinganishe.

(Wale wanaoambiwa "subiri akomae kwanza" wajue kwamba ushauri huo ni wa mbinu za zamani. Leo kukomaa huongeza ugumu wa kazi, hakuna kinachorahisika.)

Kanzu haijageuka. Lenzi ya mzee huwa ya manjano, wakati mwingine kahawia, na huzuia rangi ya buluu isifike ndani. Kwa miaka mama amekuwa akiiona kanzu ile rangi ya samli. Mwambieni azibe jicho moja moja aitazame: lililopasuliwa litaona nyeupe yenye ubuluu, lile jingine litaona nyeupe iliyochakaa. Na kama mwaifua kwa buluu ya nguo, basi ndiyo hiyo aionayo, tena aiona vizuri kuwashinda.

Sasa lenzi ya bandia aliyowekewa. Nguvu yake huchaguliwa kabla ya upasuaji kwa vipimo viwili: mpindo wa konea, na urefu wa jicho kutoka mbele hadi nyuma, ambao kwa mtu mzima huwa kiasi cha milimita 23.5. Kukosea milimita 1 tu kwenye urefu hupeleka nambari ya miwani kombo kwa karibu 2.5 hadi 3. Kwa mtoto aliyekomaa mashine za mwanga hazipenyi, hivyo hutumiwa ya mawimbi ya sauti; mkono wa mpimaji ukiigandamiza konea, jicho husomeka fupi kuliko lilivyo, na lenzi inayowekwa huwa na nguvu kupita kiasi. Mgonjwa wa namna hiyo husoma karibu bila miwani, lakini mbali hapaoni. Kosa hili ni kongwe kama lenzi zenyewe: daktari Mwingereza Harold Ridley alipoweka ile ya kwanza jijini London mwaka 1949, lenzi ilikaa ndani ya jicho lakini nguvu yake ilizidi sana, na mgonjwa akahitaji miwani mikali ya kuonea mbali.

Mama hasomi karibu, kwa hivyo dalili hiyo hana. Lenzi ya kawaida hupangwa kwa kuonea mbali na haiwezi kujikunja kama ile tuliyozaliwa nayo. Karibu kila aliyewekewa huhitaji miwani ya kusomea, kiasi cha +2.50 au +3.00.

Kipo kipimo mnachoweza kufanya nyumbani. Chukueni kadi ngumu, mtoboe kwa pini ya mtandio tundu la kama milimita 1, kingo zake ziwe safi. Mama aketi mita 3 kutoka kwenye kalenda ya ukutani, azibe jicho la kushoto kwa kiganja bila kulibonyeza, asome tarakimu. Kisha asome tena akichungulia tunduni, kadi isiguse jicho. Tarakimu zikisomeka bora kupitia tundu, sehemu ya tatizo ni nambari tu na miwani itaitatua. Tundu lisiposaidia, ukungu ni wa konea au wa nyuma kwenye retina, ule utando wa ndani unaopokea picha. Rudieni kila siku, saa ile ile na kiti kile kile, mwandike tarakimu ndogo kabisa aliyoisoma. Daktari wenu atalifurahia daftari hilo kuliko maneno "anaona kidogo".

Daftari likionyesha kwamba aona bora, hata polepole, ngojeni. Likionyesha arudi nyuma, msingoje. Jicho lililokuwa likiona likaanza kufifia, likawa jekundu zaidi, likauma au kope zikavimba, huenda viini vya ugonjwa vimeingia ndani. Hatari hiyo ni kubwa zaidi wiki ya kwanza, lakini hata sasa haijapita. Mkimulika kwa tochi mwaweza kuona mstari mweupe wa usaha umetuama chini, mbele ya mboni. Msiuone pia, msijipe moyo. Tiba ni sindano ya antibiotiki ndani ya jicho, na inahesabiwa kwa saa. Mrudisheni alikopasuliwa siku hiyo hiyo, ikibidi mvuke kwa feri usiku. Maumivu makali ya jicho na kichwa pamoja na kutapika huenda ni presha ya jicho iliyopanda. Vimulimuli kama radi au pazia jeusi linaloshuka ubavuni ni retina. Hayo nayo hayangoji miadi.

Matone ndipo wengi huteleza. Chupa mliyopewa yaelekea ina antibiotiki na steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe), na kwa kawaida huanza mara 4 kwa siku au zaidi, ikipunguzwa hatua kwa hatua kwa wiki 4 hadi 6. Fuateni karatasi yenu. Ukungu ukiisha wiki ya pili mtajaribiwa kuacha. Steroidi ikikatwa ghafla, uvimbe wa ndani hurudi na jicho huanza kuchukia mwanga. Nawa mikono, vuta kope ya chini, tone moja tu. Kope haina nafasi hata ya tone zima, la pili litamwagikia shavuni. Afumbe macho dakika 2 huku akibonyeza kidogo pembe ya jicho iliyo karibu na pua, dawa isishukie kooni. Kama kuna chupa mbili, pisheni dakika 5. Ile yenye maji meupe kama maziwa itikisweni kwanza. Kwa joto la Mombasa, msiiache dirishani wala kwenye gari, na mwezi ukipita tangu ifunguliwe, itupeni. Asali, maji ya waridi na wanja visikaribie jicho.

Udhu: kwa wiki mbili za mwanzo maji ya bomba yasiingie jichoni. Apanguse uso kwa kitambaa safi chenye unyevu, akilikwepa jicho. Namna ya kulitekeleza hilo kisheria, muulizeni sheikh wenu, na mumweleze kwamba daktari amezuia maji. Kusujudu kwategemea mkato. Kwa mtoto aliyekomaa mara nyingi hutumiwa mkato wa milimita 6 hadi 7 chini ya kope ya juu, unaojifunga bila uzi. Wa mashine ya kuvunja lenzi kwa mawimbi hauzidi milimita 3. Kwa ule mpana ningemtaka aswali kitini, arukuu na kusujudu kwa ishara, hadi wiki mbili zitimie na daktari aukague. Kuinamia jiko la makaa ni vilevile, na moshi juu yake. Usiku avae kile kikombe cha plastiki cha kukinga jicho, kwa kuwa usingizini mkono husugua jicho bila ruhusa.

Nililoliacha mwisho ndilo linalonishughulisha zaidi: sukari. Mboni ilipokuwa nyeupe, hakuna aliyeweza kuiona retina yake. Sasa dirisha limefunguka, na lazima atiwe matone ya kupanua mboni, retina ichunguzwe kama mishipa imevuja. Wenye sukari pia hupata zaidi uvimbe wa kitovu cha retina baada ya upasuaji, hasa kati ya wiki ya 4 na ya 6. Mtu aliyekuwa akisoma kalenda vizuri hurudi nyuma bila maumivu wala wekundu. Hapo ndipo daftari lenu litakapofanya kazi. Ombeni na presha ya jicho ipimwe siku retina itakapochunguzwa, kwani steroidi huweza kuipandisha.

Miwani msinunue sasa. Mkato ukipona huivuta konea, na nambari ya leo si ya mwezi ujao. Ipimwe wiki ya 6. Miwani yake ya zamani aivue kwanza, kioo cha kulia si chake tena.