Shekeli 17 kwa shamba lililo mikononi mwa adui

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Mungu anayehukumu, tumtumainie vipi?" Mimi jibu langu nalichukua kwenye hati ya mauziano ya shamba, Yeremia sura ya 32. Kazi yangu ni kuandika mikataba ya viwanja, kwa hiyo mtanivumilia nikiisoma sura hiyo kikazi kazi.

Ni mwaka wa 10 wa mfalme Sedekia, karibu 587 KK. Wababeli wameuzingira Yerusalemu, njaa imeingia, na Yeremia mwenyewe yuko kizuizini katika uwanda wa walinzi kwa kosa la kutangaza kwamba mji utaanguka. Hapo ndipo anapotokea binamu yake, Hanameli: ninunulie shamba langu la Anathothi, haki ya kulikomboa (yaani ya ndugu kulinunua lisitoke kwenye ukoo) ni yako. Anathothi ni kwao Yeremia, kilomita chache tu kutoka mjini, lakini nje ya kuta, yaani mikononi mwa Wababeli. Tena watu wa Anathothi ndio walewale waliowahi kutaka kumuua (sura ya 11). Ningekuwa mimi, ningemwambia Hanameli akatafute mjinga mwingine.

Yeremia analipa. Na hapa masimulizi hayana haraka hata kidogo. Fedha inapimwa kwenye mizani, shekeli 17, ambazo kwa uzito hazifiki robo kilo. Mashahidi wanaandika majina yao. Hati ni mbili: moja imetiwa muhuri, nyingine iko wazi. Iliyo wazi ni ya kusomwa. Iliyofungwa inangoja siku mtu atakapoichezea ile nyingine. (Wanaoshinda kutwa kwenye mabaraza ya ardhi watanielewa.) Baruku, mwandishi wake, anakabidhiwa zote mbili mbele ya watu, na anaagizwa azitie kwenye chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi. Sisi wateja wetu hutia kwenye mfuko wa nailoni, kisha chini ya godoro.

Miaka yote niliyokaa kwenye kazi hii sijaona mtu akilipia ardhi ambayo jeshi la kigeni limeikalia. Yeremia naye haelewi. Kwanza ananunua, kisha anaomba, na sala yake, ukiiondolea sifa za mwanzoni, ni swali: Bwana, mji ndio huo unatwaliwa, nawe unaniambia ninunue shamba? Anajibiwa mambo mawili kwa pamoja. Mji utachomwa moto. Na mashamba yatanunuliwa tena katika nchi hii, kwa fedha, kwa hati, kwa mashahidi. La pili halilifuti la kwanza.

Aliyetaka kulifuta alikuwa nabii mwingine, Hanania, katika sura ya 28. Aliivunja nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia, ishara ya kutumikia Babeli, akawaahidi watu kuwa ndani ya miaka 2 kila kitu kitarudi. Nadhani alishangiliwa, mimi ningeshangilia. Yeremia akaambiwa kwamba pale pa nira ya mti sasa itakuja ya chuma. Hanania akafa mwaka uleule.

Ndiyo maana nina ugomvi kidogo na stika za Yeremia 29:11 zilizobandikwa kwenye daladala: "mawazo ya amani wala si ya mabaya". Mstari huo ni wa kweli na naupenda, ila umekatwa kichwa. Mstari wa 10, uliotangulia, unasema miaka 70. Maneno hayo yako kwenye barua ambayo Yeremia aliwaandikia ndugu zake waliokwisha kuhamishwa Babeli, na waliosomewa walikuwa wakiambiwa kwamba wengi wao watazikwa ugenini. Wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto. Amani inakuja, lakini watakaoipokea ni wajukuu.

Kwa hiyo, mhariri, kwangu hukumu na tumaini viko kwenye karatasi moja. Aliyelipa zile shekeli 17 hakuwahi kulima shamba lake. Mji ulipoanguka, walionusurika walimchukua kwa nguvu hadi Misri, na huko ndiko masimulizi yake yanakoishia. Babeli nayo ilianguka mwaka 539 KK, Koreshi, mfalme wa Uajemi, akawaruhusu watu warudi. Ezra sura ya 2 ina orodha ya waliorejea, ndefu na ya kuchosha, ile ambayo wengi wetu huiruka. Mstari wa 23: watu wa Anathothi, 128.