Roboti ikianguka, usikimbilie kununua sensa nyingine

Roboti yangu ya magurudumu mawili ilikuwa ikisimama sekunde tatu nne, kisha inalala kifudifudi. Nikabadilisha sensa ya mwinamo mara mbili. Hela zilikwenda bure, maana sensa ya kwanza ilikuwa nzima. Mwenye kosa ni aliyeifunga, yaani mimi.

Natumia MPU-6050, kidude cha bei nafuu chenye akselerometa na jairoskopu ndani yake. Akselerometa hujua chini ni wapi kwa kuhisi uvutano wa dunia, ila mota zikianza kutetema huweweseka. Jairoskopu hupima kasi ya kuinama na haibabaishwi sana na mtetemo, lakini hupotoka taratibu. Kosa la nyuzi 1 kwa sekunde, ukilijumlisha dakika nzima, roboti itaamini imeinama nyuzi 60 na kumbe iko wima.

Kwa hiyo zichanganye. Mimi huipa jairoskopu uzito wa 0.98 na akselerometa 0.02, hesabu ikirudiwa mara 100 kwa sekunde. Ni mstari mmoja wa programu. (Kalman, njia nyingine ngumu zaidi ya kuchanganya vipimo, iache kwanza. Ilinilia wiki mbili.) Kila unapowasha, iache roboti itulie, chukua vipimo 1,000 vya jairoskopu, pata wastani, kisha uutoe kwenye kila kipimo kinachofuata.

Sasa ufungaji. Nilikuwa nimeibandika sensa juu kabisa kwa gundi ya povu, nikidhani huko itauona mwinamo vizuri zaidi. Mwinamo ni uleule juu na chini! Kinachozidi huko juu ni kurushwa mbele na nyuma, na akselerometa haijui kutofautisha kurushwa na kuinama. Nikaishusha karibu na ekseli, nikaikaza kwa skrubu.

Halafu kuna chujio la mtetemo lililomo ndani ya kidude chenyewe. Niliweka Hz 5, yaani lizuie mtetemo unaozidi mara 5 kwa sekunde. Grafu ikanyooka, nikafurahi, roboti ikaanguka upesi kuliko mwanzo. Kuchuja hivyo huchelewesha kipimo karibu milisekunde 19, na mota hupata habari mambo yakiwa yameshaharibika. Siku hizi naweka Hz 42, na ucheleweshaji ni kama milisekunde 5.

Ikishasimama, usishangae kuiona ikijiendea polepole hadi ukutani. Sensa ya mwinamo haijui roboti iko wapi, hapo utahitaji enkoda, yaani kihesabu mizunguko, kwenye mota. Yangu, kabla ya enkoda, kila jioni ilielekea mlangoni.