Re: Msukuma wa Magu kukutwa na E-M293

Ndugu yangu, umeuliza kama kipimo cha kromosomu Y kuonyesha E-M293 badala ya E-M2 (majina ya matawi mawili ya ukoo wa upande wa baba yanayosomwa kwenye DNA) kinakutoa Usukumani. Hapana kabisa! E-M2 imeenea sana kwa wasemaji wa lugha za Kibantu, lakini E-M293 inahusishwa na wafugaji wa kale wa Afrika Mashariki, na ilifika hadi kusini mwa Afrika. Watu hao walioleana na wakulima waliokuja baadaye, watoto wakakua wakisema lugha za hapa ziwani.

Tena kromosomu hiyo hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume tu. Vizazi 10 nyuma una nafasi 1,024 za mababu na mabibi. Kromosomu Y inakueleza mmoja tu kati yao. Bibi zako wote hawamo. Waulize wazee ukoo wenu ulitokea wapi kabla ya Magu.