Waambie Kabla Hawajarusha Dadu

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Ama baada ya salamu, hapa Chake sote hatujambo, na baba yako anakusalimu sana. Barua yako imefika. Unasema umepata wenzako sita huko Mjini, na kila Jumamosi baada ya Isha mtakutana Michenzani kucheza Dungeons & Dragons, ule mchezo wa kuigiza wahusika wa kubuni kwa maneno na dadu, kwa kanuni za zamani, zile nilizorudi nazo kutoka masomoni Uingereza nikakufundisha wewe na dada zako. Wanne wameuzoea kwa kanuni za siku hizi au kwenye kompyuta. Wawili hawajaucheza kabisa. Unauliza uwaambie nini kabla ya kuanza, wajue wanachokiingilia, lakini wasitishike wakakukimbia.

Waambie yote, mwanangu, pamoja na yanayotisha. Kisha waambie wewe utawapa nini. Meza nilizoziona zikivunjika, nyingi zilivunjika kwa sababu mchezaji aligundua katikati ya safari kuwa mwamuzi, yule anayeuendesha mchezo kama utakavyofanya wewe, ana mchezo wake kichwani na yeye ana wake. Kanuni zilifuatwa vizuri tu. Walichokosa ni kukubaliana.

Anza na kifo, maana ndicho kitakachowauma. Kwa kanuni za mwaka 1981 unazozitumia, mchezaji anarusha dadu tatu kwa kila sifa ya mhusika wake, kama nguvu na akili, mara sita, na anapokea kilichoangukia. Kumi na nane inatoka mara moja katika 216, kwa hiyo wengi watapata watu wa kawaida kama wewe na mimi. Mwenye elimu ya uchawi anaanza na pointi nne za uhai akiwa na bahati kubwa, na uchawi wake mmoja kwa siku. Pigo la dadu moja ya pembe sita linammaliza mara tatu katika sita, na akifika sifuri amekufa. Kanuni za mwaka 2014, walizozizoea wale wanne, zinamwacha mtu aliyefika sifuri arushe dadu za kujinusuru, na mara nyingi huinuka. Sizilaumu. Zimemuahidi mchezaji kitu chengine, na mtu akija kwako na ahadi ile moyoni, ana haki ya kukasirika mhusika wake akifa kwa mshale wa kwanza.

Basi waambie wazi: "Mhusika wako anaweza kufa usiku wa leo. Dadu nitazirusha mbele yenu, na sitozigeuza." Anayekaa kwenye bao anajua kete zake zitaliwa, hamnunii mwenzake kwa kumla. Kila mmoja atengeneze wahusika wawili usiku wa kwanza; ni kazi ya dakika chache. Na uwaombe wasikuletee karatasi tatu za historia ya mtu ambaye bado hajaingia hata pango moja. Jina, kazi yake, na sababu ya kuhitaji pesa, basi. Akiishi, historia yake mtaijua nyote, kwa sababu mtakuwa mmeiona ikitokea.

Jambo la pili ndilo ambalo waamuzi wengi hulipita haraka, nami naliona ndilo lenye uzito kuliko yote: mchezo huu unalipa hazina, haulipi kuua. Tangu Gary Gygax na Dave Arneson walipouchapisha mwaka 1974, sarafu moja ya dhahabu ikitolewa shimoni, yaani kwenye mapango na magofu wanayoyapeleleza, ikafikishwa salama ni pointi moja ya uzoefu, zile zinazompandisha mhusika daraja. Zimwi la kawaida, katika kanuni zako, lina thamani ya pointi kumi, tena zinagawanywa kwa kundi zima. Nimefundisha hesabu miaka mingi, nivumilie kidogo. Mpiganaji anahitaji pointi 2,000 kupanda daraja la pili. Wapiganaji sita wakitaka kupanda kwa upanga peke yake, lazima waue mazimwi 1,200. Wakitumia akili wakalitoa sanduku moja lenye dhahabu 1,200 bila kuchomoa panga, wamefika sehemu ya kumi ya safari kwa usiku mmoja.

Wape hesabu hii waione kwa macho yao. Usiwahubirie kuwa "kupigana si lazima". Hawatakuamini, kwani kompyuta imewafundisha kuwa kila chumba kina vita. Wakishaiona, wataanza wenyewe kuuliza maswali mazuri: zimwi lile linalala saa ngapi, linapenda nini, hakuna njia ya nyuma? Waambie pia kuwa wakikutana na kiumbe unarusha dadu mbili kujua kinawapokea vipi, na ni mara moja tu katika 36 kinapowarukia papo hapo bila ya maneno. Kwengine kote kuna nafasi ya kuzungumza, kuhonga, kurudi nyuma. Na kukimbia. Kukimbia litaje kwa jina lake, usiku ule ule wa kwanza, kwa sababu vijana waliozoea kuwa mashujaa huona aibu, wakafa wote kwa aibu hiyo.

Sasa deni lako wewe. Ukimwambia mtu hatari ni ya kweli, umejifunga kumpa habari za kweli. Hatari isiyo na dalili ni uonevu.

Unakumbuka tulivyokwenda Pujini, kwenye magofu ya Mkama Ndume, yule mtawala wa zamani wa Pemba? Ile ngome ya karne ya 15 ingekufaa kuwa shimo la mwanzo, kuliko kuazima kasri la Ulaya. Kile kisima chenye ukuta katikati, wazee wanasimulia kuwa mtawala alikuwa na wake wawili wasiopatana, akakigawa ili wasionane: mmoja akiteka kwa ndoo na kamba, mwengine akishuka kwa ngazi hadi kwenye maji. Fikiria mchezaji wako amesimama pale na mwenge. Usimwambie "unaona kisima". Mwambie kuna kamba upande mmoja, kuna ngazi upande wa pili, na ngazi zimelika katikati kwa nyayo. Akiuliza ukuta ni wa nini, mjibu. Akishusha jiwe kwenye kamba asikilize, mwambie alichokisikia. Umeshampa vya kutosha kujua kuwa upande wa kamba ni wa kina kirefu. Akiamua kuruka bila kuuliza lolote, akavunjika, wenzake wote mezani watajua kuwa alikuwa na njia nyengine, naye mwenyewe atajua. Ila ukiwa ulificha ngazi ili umkamate, usitegemee arudi Jumamosi ya pili, wala mimi nisingerudi.

Muda nao uwe bayana. Mwenge unawaka saa moja, zamu sita za dakika kumi kumi, na kila baada ya zamu mbili unarusha dadu kuona kama kuna kinachozurura. Weka alama za zamu kwenye karatasi ambayo wote wanaiona. Mchezaji anayeona mwenge unakaribia kwisha huamua haraka, huna haja ya kumhimiza.

Kuhusu hali ya mezani, huku kwetu kuna mambo ambayo vitabu vile havikuyafikiria. Wapo watu wa nyumbani kwao watakaosikia dadu wakadhani kamari. Sema mapema, hata kwa wazazi wao, kuwa hakuna senti inayowekwa, na anayetaka kukaa aone akaribishwe. Kisha kuna miungu. Kanuni za zamani zina makuhani wanaopewa nguvu na miungu ya kubuni, na pengine mmoja wenu hatoona raha kuigiza ibada kama hiyo. Mwulize faragha, si mbele ya wenzake. Kwa maoni yangu iondoeni miungu moja kwa moja, na kuhani awe tabibu mwenye ujuzi wa dawa na maombezi; nguvu zake zibaki zile zile na mchezo haupungukiwi na kitu. Majini na wachawi waweke mbali na majina ya vijiji vya Pemba. Watu wetu wameshachoka kutaniwa kwa hilo, na mmoja wa wale sita anaweza kuwa mjukuu wa mtu aliyesingiziwa.

Na kuna hili ambalo sitaki ulichukulie kwa wepesi. Katika visa vya zamani vya mchezo huu utakutana na wafanyabiashara ya watumwa kama maadui, na mara nyengine mateka wanahesabiwa pamoja na ngawira. Nyinyi mtakuwa mnacheza mwendo mfupi tu kutoka Mkunazini, kwenye soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Ukitaka kuwatia maadui wa namna hiyo, sawa, lakini kubalianeni kabla kuwa mtu hana bei katika meza yenu, na kuwa mateka aliyekombolewa analeta pointi kama hazina. Hiyo ni kanuni yangu, haimo kitabuni, na nakusihi uichukue.

Utani wacha uwepo. Vijana saba usiku hawawezi kukaa bila kucheka, na hofu huhitaji kupumua. Wewe tu usiwe wa kwanza kuifanyia mzaha dunia yako. Ukiwatajia pango kwa heshima, watalisogelea kwa heshima.

Haya yote yasizidi robo saa kuyasema. Akitokea mmoja akasema mchezo wa namna hii haumfai, mshukuru na usimbembeleze kwa kumlegezea kanuni. Watano waliobaki watajiuliza kwa nini za kwao hazikulegezwa. Anaweza kuja kunywa chai na kuangalia.

Kabla ya Jumamosi nitumie picha ya ramani yako kwa simu. Nataka kuona milango ya kutokea, maana umewaambia wanaweza kukimbia, na shimo la mwisho ulilolichora ukiwa hapa lilikuwa na mmoja tu.

Wasalaam,
Mama yako