Bibi Aliyekataa Kuitwa Bibi

Wadogo zangu wapendwa,

Mmeniuliza, ninyi mnaojiandaa kuja Ujerumani kusomea uuguzi, kama ni kweli kwamba watu wa huku hawasalimiani, hawaheshimu wazee, na kwamba mtu anaweza kuanguka njiani wakampita kama gogo. Mama mdogo naye ameongeza kwamba nijibu bila kupaka rangi. Nitajibu kwa yale niliyoyaona mwenyewe katika miaka sita niliyoishi Leipzig, na nitaanza na aibu yangu.

Wiki ya kwanza ya mafunzo ya vitendo katika makao ya wazee nilipangiwa kumhudumia mama mmoja wa miaka 87, mwalimu mstaafu, ambaye miguu ilikuwa imemwishia nguvu lakini akili yake ilikuwa timamu kuliko yangu. Niliingia chumbani mwake na beseni la maji na tabasamu, nikamwita “Oma”, yaani bibi, maana kwetu kumwita bibi mzee asiye wa damu yako ni kumpandisha daraja. Alinitazama kwa muda, kisha akasema polepole, ili Kijerumani changu kichanga kisinitupe, kwamba ana wajukuu wawili na mimi si mmoja wao, na kwamba jina lake limeandikwa mlangoni, mlango ambao sikuubisha.

Nilitoka nimenywea. Jioni nilimlalamikia msimamizi wangu nikitarajia anipoze, naye badala yake akanifundisha upya: mkazi huitwa kwa jina la ukoo likitanguliwa na “Frau” (Bibi Fulani) au “Herr” (Bwana Fulani), husemeshwa kwa “Sie”, ile nafsi ya heshima, hata kama amekwisha kusahau jina lake mwenyewe, mlango wake hubishwa na jibu husubiriwa, na kabla ya kuvuta shuka unamweleza unachotaka kufanya, ili akubali au akatae. Akikataa kuoga asubuhi hiyo, amekataa. Darasani tulikuwa tumesomeshwa ibara ya kwanza ya Katiba yao ya mwaka 1949, inayosema kwamba utu wa mwanadamu haugusiki, nami nilikuwa nimeyachukulia kuwa maneno ya kupamba ukuta, mpaka nilipoyaona yakiteremka hadi kwenye beseni na taulo.

Ilinichukua miezi kuelewa kwamba mama yule alikuwa anadai heshima ya namna nyingine. Sisi humheshimu mtu kwa kumwingiza katika ukoo: asiyekuzaa unamwita mama, usiyemjua unamwita kaka au mjomba, na hapo hapo mnakuwa ndugu. Wao humheshimu kwa kumwachia vilivyo vyake, yaani jina lake, mlango wake na uamuzi wake. Kilichoniuma zaidi ni kwamba neno hodi ni letu. Tunapiga hodi mara tatu kwa jirani na tusipoitikiwa tunaondoka, lakini mzee akishalala asiweze kuinuka, tunaingia chumbani mwake kama tunaingia stoo, tunamgeuza na kumbadilisha nguo huku tukizungumza habari zake na wageni kana kwamba hasikii. Nilimfanyia hivyo babu yetu, tena kwa mapenzi yote, wala sikuona kosa.

Kuhusu salamu, ni kweli kwamba ukiwaamkia abiria wote ndani ya tramu watadhani una tatizo. Lakini ingieni katika chumba cha kusubiria daktari: kila anayeingia husema “Guten Tag” kwa wote, waliokaa huitikia, na anayeondoka huaga. Ukiingia ukakaa kimya, wewe ndiye utakayeonekana huna adabu.

Na huyo anayeanguka njiani? Kumpita mtu aliye hatarini, ilhali unaweza kumsaidia bila kujihatarisha, ni kosa la jinai kwa kifungu cha 323c cha Sheria ya Adhabu, na adhabu yake ni faini au kifungo kisichozidi mwaka mmoja. Huwezi kupata leseni ya udereva kabla ya kuhudhuria mafunzo ya huduma ya kwanza, na foleni ikianza kwenye barabara kuu, magari hujibana pembeni kuacha njia katikati kwa ajili ya gari la wagonjwa. Asiyefanya hivyo hupigwa faini inayoanzia euro 200. Mtasema wema wa kuogopa faini si wema. Nami niliwaza hivyo. Hata hivyo, hakuna sheria inayomlazimisha mtu kushika upande wa pili wa kigari cha mwanangu kwenye ngazi za stesheni lifti inapoharibika, na bado sijawahi kupanda ngazi zile peke yangu: mtu hutokea, hushika, tukifika juu hunitakia siku njema, na hutoweka kabla sijamaliza kushukuru.

Sitawaficha upande wa pili. Katika ofisi moja ya serikali, mtumishi aliyekuwa amemsemesha mtu wa mbele yangu kwa “Sie” alinigeukia mimi kwa “du”, ile “wewe” ya watoto na watu wa karibu, kwa sauti ya kumkaripia mtoto, ilhali nilikuwa na miaka 31 na karatasi zangu zote zimekamilika. Asiyejua lugha asingeona tusi hapo. Nilimjibu kwa “Sie”, sentensi baada ya sentensi, mpaka naye akarudi kwenye “Sie”, lakini nilipotoka mikono ilikuwa inatetemeka. Upweke nao upo: jirani yangu hunipokelea vifurushi bila kukosa, na kwa miaka sita hajawahi kuniuliza ninatoka wapi. Wengine huita hiyo heshima. Mimi kuna siku za Jumapili, maduka yamefungwa na jengo limetulia, ningetamani aniulize.

Yule mwalimu mstaafu nilimhudumia kwa muda wote wa mafunzo yangu. Huku mkubwa ndiye anayetoa ruhusa ya kuitana “du”, mdogo hathubutu kuianzisha, nami nilikuwa nimekwisha kuacha kuisubiri. Asubuhi moja katika mwaka wa tatu, nikimfunga vifungo vya sweta, alinitajia jina lake la kwanza na kuniambia kwamba naweza kulitumia. Siku iliyofuata nilifika mlangoni kwake saa moja kasorobo, nikabisha, nikasubiri aitikie.