Kumzungusha mzee viwanja vya mikoani: msianze na siku ya watani

Mkuu, umeuliza kama inafaa kumchukua mzee wako wa miaka 70 mkazunguke viwanja vya mpira nchini, na kama muanze na uwanja wa Mkapa, Dar, siku ya Simba na Yanga. Mimi nimezunguka na baba misimu mitatu, yeye Simba wa kufa na kuzikana, mimi Yanga. Kuzunguka, zungukeni. Ila siku ya watani mwache na televisheni yake.

Si kwamba Mkapa ni pabaya. Lakini uwanja unaoingiza watu 60,000 ukijaa, unaingia mapema kuwahi kiti, unakaa kutwa nzima, na ukitoka unabebwa na umati hadi barabarani. Kijana hilo kwake ni raha. Mzee mwenye magoti mabovu anashuka ngazi amekushika bega, na nyuma kuna vijana mia wanaosukuma. Baba alivumilia, lakini njia nzima ya kurudi hakufungua mdomo, na mechi iliisha sare, kwa hiyo usiseme ni kipigo.

Akitaka kuiona Mkapa, mpeleke mechi ya kawaida, mkate tiketi za VIP C mkae kwa nafasi. Halafu mpitishe hapo jirani, Uwanja wa Uhuru, Shamba la Bibi. Mkapa imefunguliwa 2007. Hadithi zote alizonilea nazo baba zilitokea upande wa pili wa ukuta, na mimi nilikuwa nampeleka sipo.

Sisi mikoani tulianzia Mkwakwani, Tanga, Coastal Union wakiwa nyumbani. Hatukufika dakika ya 20 baba alikuwa keshahama kiti, kaenda kukaa na wazee watatu wa pale. Hakuna aliyemuuliza jina. Walianza na ubingwa wa Coastal wa 1988, wakarudi nyuma kwa Tukuyu Stars wa 1986, wakawa wanabishana nani alikuwa beki wa kweli, na mpira mbele yao unachezwa kama haupo. Hapo ndipo nikaelewa safari hizi ni za nini. Kwenye uwanja wenye watu elfu mbili unasikia kocha anavyofoka na unasikia mguu ukigonga mpira, na mzee anapata pa kuongelea. Baba yangu ni mtu wa maneno machache. Pale Tanga nilisikia mambo ya ujana wake ambayo hata mama hayajui, na mengine ni heri asiyajue.

Sasa ya kujipanga. Ratiba ya ligi isikudanganye: usilipe nyumba ya wageni wala tiketi ya basi ya kurudi mpaka zibaki siku mbili tatu. Sisi tumewahi kushuka stendi saa 12 jioni tukaambiwa na bodaboda kwamba mechi ya kesho imesogezwa mbele siku nne. Fanya jukwaa lenye paa ndiyo lazima, si anasa, maana mechi nyingi ni saa 10 na jua la saa hizo linampiga usoni aliyekaa upande usio sahihi. Uliza choo kiko wapi kabla hamjakaa. Na kama mzee anatembelea mkongojo, wahini getini. Kuna uwanja mmoja, siutaji, askari alimwambia baba auache nje kwa kuwa ni silaha. Baba akamkabidhi, kisha akamnyooshea na mkono: "Haya, na wewe uwe mkongojo wangu, nipeleke kwenye kiti." Yule kijana aliangalia huku na huku, akamrudishia fimbo yake.

Mbeya bebeni sweta. Pale uwanja wa Sokoine jua likizama baridi inaingia kwenye mifupa, lakini mlima Loleza ulivyokaa juu ya mji unasamehe yote. Manungu, kule Turiani, ni uwanja katikati ya miwa, unafika unajiuliza kama umepotea. Arusha nenda hata kama hakuna mechi ya maana, ukamwonyeshe mzee jina la Sheikh Amri Abeid getini. Baba alisimama pale akasoma beti mbili kwa kichwa. Nchi ngapi zina uwanja wa mpira wenye jina la mshairi?

Mwanza ndiyo niliyoiweka mwisho kwa makusudi. Kutoka pale mnaweza kupanda meli ya usiku mkaamkia Bukoba, mkaangalia mpira Kaitaba, ziwa likiwa jirani kabisa. Lakini kabla ya meli nilimpeleka uwanja wa Nyamagana, siyo ule wa Kirumba.

Kama ni Yanga unajua kwa nini. Mwaka 1974 tuliwafunga Simba pale 2-1. Walitangulia wao, Gibson Sembuli akasawazisha mwishoni, na kwenye muda wa nyongeza Sunday Manara, yule waliyemwita Kompyuta, akamaliza kazi. Baba alikuwa na miaka 20, mamia ya kilomita kutoka Mwanza, amekaa chini ya dirisha la jirani mwenye redio. Uwanja wenyewe alikuwa hajawahi kuuona.

Siku hiyo hapakuwa na ligi. Watoto walikuwa wanafanya mazoezi kwenye nyasi bandia, na mlinzi alituruhusu tuingie. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumtania. Baba akasimama pembeni ya mstari wa katikati, akatazama goli la huku, akatazama goli la kule, muda mrefu. Nikamuuliza anatafuta nini.

"Mtangazaji alisema Yanga wanashambulia kulia kwa redio yako," akasema. "Sasa redio ilikuwa imeelekea wapi?"

Tukaanza kuhesabu, mzee anainua mikono kama anashika kisanduku, anageuka nacho huku, anageuka nacho kule. Watoto waliacha mpira wakawa wanatuangalia. Mpaka tunapanda meli usiku ule tulikuwa hatujakubaliana.